Mwenye Msumeno

Saa kumi na mbili asubuhi, jua bado halijapata habari,
natembea juu ya ziwa na msumeno begani.
Usiku mmoja tu, na tundu limeshajifunga:
ngozi ya barafu, unene wa kidole gumba.
Naikata, naiopoa vipande vipande, navipanga kando
kama fundi anayeng'oa vioo kwenye nyumba isiyo yake.

Hapa ni Finland, nje kidogo ya Kuopio.
Kipimajoto kinasema kumi na nane chini ya sifuri,
nacho ni kipimajoto chenye tabia ya kubembeleza.
Ngazi ya mbao, kamba ya kushikia,
zulia kuukuu ili nyayo zisigande gatini:
yote hayo kazi yangu, mwaka wa kumi na moja huu.
Kuoga, sijawahi.

Kisha wanakuja, majoho juu ya nguo za kuogelea,
kofia za sufu hadi masikioni,
utadhani wametoroka hospitali moja.
Tauno, aliyekaza bolti za treni maisha yake yote,
anasema bega halimlilii tena akivaa koti.
Sisko wa benki huja na hasira ya jana,
huibwaga mle ndani; samaki shauri yao.
Na Hilkka, miaka sabini na tisa, ana neno moja:
"Nalala."
Mumewe alipofariki, alikesha kipupwe mara mbili
akihesabu magari ya kuzoa theluji.
Sasa hulala kama gunia la viazi.
Maneno yake, si yangu.

Mimi si daktari. Daktari ni Bi Aaltio, huja Alhamisi,
na kwa mgeni huuliza kwanza moyo na presha,
jina baadaye.
"Usiruke. Usije peke yako.
Shuka ngazi kama mtu anayeingia kwenye deni:
polepole, huku unajua.
Pumzi ya kwanza itakukimbia, iache ikimbie.
Ya pili itoe ndefu, kama unapoza uji.
Nusu dakika yatosha. Mtaka sifa akazitafute kwingine."

Watalii huniuliza kwingine ni wapi.
Helsinki, nawaambia, mtaonja bahari.
Tampere kuna sauna ya zamani ufukweni, foleni hadi mlangoni.
Rovaniemi, ukibahatika, mbingu huwaka kijani
nawe umo mtoni hadi shingoni.
Lakini njooni hapa.
Tundu langu lina kingo zilizonyooka.

Jumanne moja ya Februari Hilkka hakuja.
Jumatano, joho lake bado kwenye msumari wa tatu.
Alhamisi daktari akatuambia: nyonga.
Hakuteleza barafuni, la,
aliteleza jikoni, kwenye kizulia cha maua.
Yu hai, mkali, anagombana na supu ya hospitali,
na ametuma salamu:
"Mwambieni mwenye msumeno zamu yangu isilale bure."

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.
Ndiyo maana miaka kumi na moja
sikuvua hata glavu.

Nikavua.

Sitawaambia kwamba ilikuwa tamu.
Ilikuwa kama kuitwa jina langu kamili na mtu mwenye hasira.
Magoti yalijua kabla yangu. Pumzi ikakimbia,
nikaiacha, nikapuliza uji usiokuwepo,
kisha pakawa kimya, kimya chenye uzito wa mkono kifuani,
na mbele ya macho yangu, kwa mara ya kwanza kutoka chini,
nikaiona kazi yangu:
kingo zimepinda, meno ya msumeno kila upande.
Nikacheka, maji yakaniingia mdomoni.

Nilitoka mwekundu kama kiazisukari,
moto ukipanda kutoka sijui wapi,
nikampigia Hilkka simu kabla ya kuvaa soksi.
"Sekunde ishirini na mbili," nikasema.
"Thelathini," akajibu, akakata.

Kesho yake niliamka saa mbili, jua limefika dirishani.
Nikakimbia na viatu visivyofungwa.
Walikuwa wamesimama juu ya ziwa na majoho yao,
wamelizunguka tundu lililofunga,
wananisubiri,
na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini nimechelewa.